Nusu ya Kichwa cha Mama Nabii

Nabii alinyamaza ghafla katikati ya wimbo, akainua mkono, na nyumba nzima ya maombi ikanyamaza naye. Akinyamaza namna ile hakuna aliyethubutu hata kukohoa, maana kila mtu alijua kuna nyumba itatajwa. Wenye siri waliangalia sakafu. Wasio na siri nao waliangalia sakafu, wasije wakaonekana wanawatafuta wenye siri.

“Namwona mama mtu mzima,” Nabii alisema, macho ameyafumba. “Anaishi kwa mwanawe. Chini ya mto wake kuna chuma. Analala juu ya chuma, na chuma hicho kimelifunga tumbo la nyumba ile. Mara mbili mimba imeharibika. Mara mbili!”

Upande wa wanawake, Msusi aliinua macho. Upande wa wanaume, mumewe, fundi wa mageti, aligeuza shingo taratibu. Hakumtazama mkewe. Alimtazama mama yake, aliyekuwa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, pale wanapokaa wale ambao kibofu chao hakina subira. Watu wakayafuata macho yake. Bibi wa watu alikuwa amesinzia, kidevu kifuani.

“Mpaka Ijumaa,” Nabii aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo iliyotisha zaidi. “Kilichofichwa kitoke, au aliyekificha atoke. La sivyo, safari hii mtoto hatazikwa peke yake. Atazikwa na mama yake.”

Safari hii. Msusi alishika benchi kwa mikono miwili. Kweli alikuwa na mimba, changa mno, na mumewe alikuwa hajaambiwa. Aliyejua ni mama mkwe peke yake, tena hakuambiwa. Alimwona tu anageuza pua kila akifungua mafuta ya nywele, akamvuta pembeni. “Usimwambie mtu mpaka ikae vizuri,” alimwonya. “Hasa pale kwenye kiti chako. Mdomo wako huo unasuka haraka kuliko vidole.”

Basi Nabii alijuaje? Njia nzima ya kurudi nyumbani Msusi alitembea nyuma ya wenzake, akiwa na hofu ya kukanyaga vibaya.

* * *

Alichofanya kwanza alipofika ni kuingia chumba cha mama mkwe na kuinua mto. Kile kitu kigumu kilikuwepo. Alishawahi kukigusa siku anabadilisha shuka, kimefungwa ndani ya soksi kuukuu, akasema moyoni hilo ni kufuli, bibi anaogopa wezi. Hakukifungua. Leo alikifungua, na mkononi mwake kikadondokea kipande cha sabuni ya kufulia kilichokauka kama tofali.

“Hiyo nailalia kwa ajili ya miguu,” mama mkwe alisema kutoka mlangoni. “Usiku misuli inanikaza mpaka naita majina ya marehemu wote. Nikiwa na sabuni kitandani, inalegea. Usiniulize kwa nini, mimi si daktari. Unataka kufulia? Kuna nyingine jikoni.”

Msusi alitaka kucheka, lakini kicheko kilimkwama njiani. Kufuli! Neno lile alilisema yeye. Alhamisi iliyopita mke wa Nabii, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nabii, alikaa kwenye kiti chake tangu asubuhi. Mikono ikifanya kazi ya kutwa, mdomo nao hutafuta kazi. Mama Nabii alikuwa msikilizaji mzuri kupita wote, kila sentensi anaipokea kwa “enhe” laini, huku ameinamisha kichwa. Msusi akaeleza habari za mimba mbili zilizoharibika. Akaeleza, kwa utani tu, kwamba mkwewe analala na kufuli chini ya mto kama mlinzi wa benki. Na akikumbuka vizuri, siku ile alisitisha kusuka mara mbili akaenda nje kutapika, na Mama Nabii hakuuliza kitu.

Kwa hiyo Nabii hakuona mto wala kilichokuwa chini yake. Alikuwa ameona kosa la Msusi, vile vile lilivyomtoka mdomoni.

Alimngoja mumewe avue viatu, akamwekea ile sabuni mezani na kumweleza yote, isipokuwa habari ya mimba. Fundi aliitazama sabuni kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mpole, mwenye alama ndogo ndogo za cheche mikononi, na tangu mimba ya pili alikuwa amekata tamaa ya kuelewa mambo mwenyewe.

“Chuma kinaweza kugeuka sabuni,” alisema hatimaye.

“Mume wangu!”

“Nasema kinaweza. Watu hawa hawashindwi kitu.”

“Watu gani? Huyo ni mama yako. Ndiye aliyekunyonyesha.”

“Unadhani napenda?” Sauti yake ilipasuka. “Leo jioni tu mzee wa nyumba ya kona amekuja kuchukua geti lake. Sijalipaka hata rangi. Amelibeba hivyo hivyo na watoto wake, anasema hataki kitu kilale kwangu. Kesho atakuja mwingine. Na wewe nikikupoteza nitamwambia nani?”

Msusi aliona ya kwamba mumewe anaogopa, na anaogopa kwa ajili yake, na jambo hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumkasirikia. Akavuta kiti karibu.

“Basi sikiliza. Ijumaa Mama Nabii anakuja kusukwa. Nitamwambia uongo mmoja. Nitamwambia mama amefukia kopo chini ya jiwe la kufulia pale uani. Hakuna kopo, nimelitunga sasa hivi mbele yako. Nabii akiliona hilo kopo kwenye maono yake, utaniamini?”

Fundi alifikiri, akimenya rangi kavu kwenye kidole. “Akiliona kopo,” alisema, “nitakuamini.”

* * *

Ijumaa asubuhi Mama Nabii alifika, akatandaza gauni lake zuri kitini, akataka nywele nyembamba kabisa, zile za kusukwa siku mbili. Kulipa alikuwa hajawahi. Alizoea kusema “Mungu atakulipa,” na Msusi alizoea kuitikia amina. Mama mkwe alikuwa uani akifua. Saluni ilikuwa ni chumba cha mbele tu, na mlango wa nyuma ukiwa wazi maji yalisikika yakimwagika.

“Enhe,” Mama Nabii alianza. “Habari za nyumbani?”

Msusi alichambua nywele, akagawa kwa mkia wa chanuo, akaanza na ule upande wa kushoto. Ajabu, uongo ulikuwa mzito kuliko umbea wote aliowahi kuumwaga.

“Mama yangu, naogopa hata kusema.”

“Sema, mwanangu. Kwangu ni kama umesema chooni.”

“Nimemwona mkwe wangu. Alfajiri. Amefukia kopo chini ya jiwe la kufulia.”

“Enhe,” Mama Nabii alisema, laini kabisa, na shingo yake haikutikisika.

Adhuhuri upande wa kushoto ulikuwa umekwisha na wa kulia haujaguswa. Mama Nabii alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli. Akajifunga kitambaa juu ya nusu ile na nusu ile, akaahidi kurudi kesho kumaliziwa, akaondoka kwa haraka isiyolingana na unene wake.

Msusi alifagia nywele zilizoanguka, akazikunja ndani ya gazeti na kumpelekea mama mkwe, kama alivyofanya kila siku. Wateja wake walikuwa wakali sana juu ya jambo hilo. Nywele yako ikibaki ovyo, mtu mbaya ataiokota, na kuanzia hapo umekwisha. Kwa hiyo nywele za kiti kile zilikabidhiwa kwa bibi, na bibi alijua la kufanya nazo. Zamani alizichoma, mpaka majirani walipokuja juu kwamba harufu inaharibu chakula. Siku hizi sijui alizipeleka wapi. Msusi hakuwahi kuuliza.

* * *

Walikuja alasiri, jua bado kali, umati mkubwa kuliko aliotegemea. Nabii alikuwa mbele kwa suti yake ya kijivu, nyuma yake vijana wa maombi wenye majembe, kisha wanawake wa mtaa, karibu wote wateja wa Msusi. Mama Duka, mwenye duka la jirani ambaye alisukwa kwa mkopo, alikuwa anatafuta nafasi mbele asipitwe na kitu.

“Nimeoneshwa kopo,” Nabii alisema. “Limelala chini ya jiwe. Maji machafu yanapita juu yake.”

Msusi alimtazama mumewe. Fundi naye alimtazama, na polepole uso wake ukafunguka. Alikuwa ameelewa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili Msusi alivuta pumzi mpaka chini.

“Chimbeni!” alisema yeye mwenyewe, karibu kwa furaha. “Inueni jiwe, watu wote waone!”

Mama mkwe, mikono ina povu, alifungua mdomo aseme neno, lakini kijana mmoja akamsogeza kando na ndoo yake. Jiwe likainuliwa. Wakachimba mpaka magotini. Hakukuwa na kitu ila udongo na funza wawili.

“Mmeona?” Msusi alisema. “Hakuna! Mume wangu, sema!”

Fundi alisogea mbele kidogo. “Nabii,” alianza, “samahani. Mke wangu anasema…”

“Limehama,” Nabii alisema bila kupandisha sauti. “Vitu hivi havikai mahali pamoja. Chimbeni.”

Wakachimba. Walichimba kando ya jiwe, kisha nyuma ya choo, kisha ukutani, wakang'oa na mboga. Hakuna uwanja usioficha kitu ukichimbwa na watu wasiokubali kuondoka bure. Ilitoka mifupa ya kuku, kiatu, kijiko alichokitafuta Msusi mwaka mzima. Kisha, kule mwisho karibu na mfereji, jembe likagonga bati.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, kubwa, lenye mfuniko. Nabii hakuligusa. Kijana alifungua, akaruka nyuma, kopo likaanguka na kumwaga nywele.

Nywele nyeusi, za kahawia, nyekundu za dukani, mafundo kwa mafundo, kila fundo limefungwa kwa uzi wake ili lisichanganyike na jingine. Mama Duka akapiga ukelele.

“Zile nyekundu ni zangu! Jamani, zangu zile!”

“Na zile zangu!”

“Ndiyo maana kichwa kinaniuma mwezi mzima!”

Msusi alisikia sauti ya mumewe sikioni, ndogo kama ya mtoto. “Ulisema umelitunga. Mbona lipo?”

“Ni nywele za kazini,” alisema, kisha akapaza sauti. “Ni nywele za saluni, jamani! Ni mimi ninampa! Nyinyi wenyewe mnasema zisitupwe ovyo, yeye amezihifadhi tu! Na habari ya kopo nilimwambia mimi Mama Nabii, leo asubuhi, nilikuwa natunga!”

Nabii alimgeukia kwa upole, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitaka. “Mmemsikia,” aliwaambia watu. “Nywele anatoa yeye. Kopo alilijua yeye. Kinywa chake mwenyewe kimesema.”

Wanawake walisogea. Hawakukimbia, walisogea tu, wote pamoja, wale wale ambao alijua vichwa vyao mpaka makovu, na ule utulivu wao ulimtisha kuliko kelele. Mmoja alikuwa ameokota tofali. Msusi aliweka mikono tumboni bila kufikiri, akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Mumewe alikuwa amesimama pale pale.

“Ni mimi,” mama mkwe alisema.

Alikuwa amefuta povu mikononi kwa gauni. Alipita katikati yao akasimama mbele ya mkwewe, mfupi, ameinama kidogo.

“Ni mimi peke yangu. Huyu mtoto hajui kitu, anatetea tu. Nimefunga, nimefukia, lolote mnalotaka. Nichukueni mimi, mumwache yeye.”

“Mama, usiseme hivyo!”

“Nyamaza,” bibi alisema bila kugeuka. “Leo angalau siku moja, nyamaza.”

Na Msusi, Mungu amsamehe, alinyamaza. Mikono bado iko tumboni, akawaacha wamshike yule mzee kwapani. Nabii alitangaza kwamba bibi atakaa chumba cha nyuma cha nyumba ya maombi, mlango umefungwa kwa nje, bila chakula, mpaka afunguliwe. Hakusema itachukua siku ngapi. Fundi ndiye aliyebebeshwa blanketi la mama yake.

Mlangoni bibi alisimama. “Nipeni sabuni yangu. Miguu itanikaza.”

“Hata sasa anaitaka,” mtu alisema, na wengine wakaguna kwa hofu. Hakupewa. Waliondoka naye ana ndala mguu mmoja, ya pili imebaki kwenye matope ya mfereji.

* * *

Jumamosi Msusi alifungua saluni kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Fundi alikuwa amerudi bila neno, akalala na nguo, akaamka kwenda kukaa nje mbele ya mageti yasiyo na wenyewe. Alichosema ni kimoja tu. Kwamba usiku mama alilia miguu, na waliokuwa wakikesha waliongeza sauti ya nyimbo.

Mama Nabii alikuja kama alivyoahidi. Alikaa, akafungua kitambaa. Upande wa kushoto ulikuwa umelala vizuri, mistari imenyooka. Wa kulia umesimama wima kila nywele njia yake.

“Pole na ya jana, mwanangu,” alisema. “Lakini sasa nyumba imesafishwa. Enhe, habari za nyumbani?”

Vidole vya Msusi vilikuwa tayari ndani ya nywele. Akavisimamisha.

“Mama Nabii, unajua lile kopo nililitunga.”

“Mimi najua nini?” Mama Nabii alitabasamu kwenye kioo. “Mume wangu huwa anaona. Mimi huwa nasukwa tu.”

“Miguu yake inamkaza. Mwambie amfungulie.”

“Hayo si yangu. Suka, jua linapanda.”

Msusi alichukua chanuo, akachana upande wa kulia, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nywele ziling'oka, chache, za kawaida, zikabaki kwenye meno ya chanuo. Akazitoa, akaziviringisha. Alikuwa anatafuta gazeti alipoona, ndani ya kioo, macho ya Mama Nabii yakiufuata mkono wake.

“Hizo nipe,” Mama Nabii alisema. “Nitakwenda nazo mwenyewe.”

Alilisema haraka mno. Msusi akatazama ule mviringo mdogo kiganjani, kisha kioo. Mwanamke huyu alijua kila uongo unaotoka ndani ya nyumba yake, kwani alibeba maneno yenyewe mpaka mezani kwa mumewe. Na bado aliogopa. Aliogopa kama Mama Duka, kama wote.

Msusi akautia mviringo ule mfukoni mwa aproni.

“Kumbe sijakwambia,” alisema, na sauti iliyomtoka hakuijua. “Aliyekuwa anajua pa kuziweka ni mama mkwe wangu. Sasa hayupo. Za kwako nimebaki nazo mimi. Za leo, na za jana.”

Za jana zilikuwa zimekanyagwa matopeni pamoja na nyingine zote. Mama Nabii hakuweza kujua hilo.

“Unasema nini wewe?”

“Nasema nisaidie tukumbuke pa kuziweka. Mama akirudi ataniambia. Akirudi na miguu mizima.”

Mama Nabii aliinuka, kiti kikaanguka. Mdomo, ule mdomo wa kusema enhe, ulifunguka ukafumba. Alitoka barabarani nusu amesukwa, nusu amesimama nywele, kitambaa kimesahaulika mezani, na watu wa mtaa wakatoka milangoni kumtazama akipita. Msusi alikiinua kile kiti chake, akakikalia mwenyewe. Kilichomwogopesha hakikuwa tena Nabii. Kilikuwa ile ladha tamu iliyobaki mdomoni.

Mama mkwe alirudishwa kabla ya adhuhuri. Nabii alipata maono mengine, ya msamaha. Vijana walimfikisha kona ya barabara tu, wakaogopa kusogea karibu zaidi, na fundi akakimbia akambeba mgongoni mpaka ndani, analia waziwazi, anasema “nisamehe Mama, nisamehe,” naye bibi anampiga piga begani, anamwambia atazame njia asimwangushe. Mkewe alikuja akamwambia habari ya mimba pale pale, mbele ya mama. Fundi alikaa chini sakafuni.

Hakuja mteja yeyote mchana ule. Mama Duka alifunga dirisha la dukani Msusi alipopita kuchota maji, na watoto waliokuwa wakicheza njiani waliitwa ndani kwa majina, mmoja mmoja. Alijua kesho itakuwa hivyo, na keshokutwa. Jana walimwogopa mzee. Leo walimwogopa yeye, na safari hii aliwapa sababu kwa mkono wake.

Jioni alimkanda bibi miguu, akairudisha sabuni ndani ya soksi na soksi chini ya mto. Bibi alimtazama.

“Mbona wamenitoa? Umefanya nini?”

Msusi alitoa ule mviringo mfukoni, akamwonesha. Bibi hakuhitaji maelezo marefu. Aliusogeza kwa kidole kama anayeangalia iwapo mdudu bado yu hai.

“Usiuweke humu ndani,” alisema. “Utazoea. Kauchome.”

“Harufu je, Mama? Majirani watasema.”

“Washasema,” bibi alijibu, akijilaza polepole juu ya sabuni yake. “Fungua na dirisha. Wanuse.”